Jock Stein: Mchimba makaa aliyeletwa Celtic kulea chipukizi, akarudi na Kombe la Ulaya

Usiku wa Septemba 10, 1985, uwanja wa Ninian Park jijini Cardiff ulikuwa umefurika. Wenyeji Wales wanaongoza 1-0 kwa bao la Mark Hughes, kijana aliyekuwa anatesa na Manchester United. Scotland wanahitaji sare tu ili waende kwenye mechi za mchujo za kufuzu Kombe la Dunia la 1986 kule Mexico. Wakipoteza, safari imekwisha.

Kwenye benchi la Scotland wamekaa wanaume wawili. Mmoja unamjua vizuri: Alex Ferguson, wakati huo kocha wa Aberdeen na msaidizi wa timu ya taifa. Pembeni yake amekaa bosi wake, mzee mwenye mwili mkubwa na mguu unaochechemea kidogo, miaka 62, uso umejaa jasho.

Huyo ndiye Jock Stein. Kabla Ferguson hajawa Ferguson, alikuwa mwanafunzi wa mzee huyu.

Mashabiki wengi wa soka huku kwetu wanaanzia hadithi ya makocha wa Scotland kwa Ferguson, wengine wanarudi nyuma hadi kwa Matt Busby wa Manchester United na Bill Shankly wa Liverpool. Stein mara nyingi anasahaulika, labda kwa sababu maisha yake makubwa hayakuwa Ligi Kuu ya England. Lakini mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya Busby kubeba Kombe la Ulaya, Stein alikuwa ameshalibeba. Tena na vijana wa mtaani.

Na kitu cha ajabu ni hiki: klabu aliyoifikisha huko haikumleta kwa ajili hiyo. Ilimleta akakae na timu ya akiba.

Kijana wa mgodini

John Stein alizaliwa Oktoba 5, 1922, Burnbank, eneo la Hamilton katika mkoa wa Lanarkshire. Jock ni jina la kawaida wanaloitwa akina John kule Scotland. Baba yake, George, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Huko ukizaliwa mtoto wa kiume, njia ilikuwa inajulikana: shule kidogo, kisha mgodini.

Jock aliacha shule mwaka 1937, akafanya kazi kwa muda kwenye kiwanda cha mazulia, halafu akashuka chini ya ardhi kama wenzake. Alichimba makaa kwa zaidi ya miaka kumi.

Busby na Shankly nao walipita mgodini. Makocha watatu wakubwa wa kizazi hicho, wote Waskoti, wote walianza maisha kwenye giza lile. Stein mwenyewe baadaye alikuwa akirudia mara kwa mara somo alilolipata huko: chini ya ardhi huwezi kujiokoa peke yako. Unamtegemea mwenzako hata kama humpendi. Hajali unasali wapi, na wewe hujali yeye anasali wapi. Mnachotaka wote ni kutoka mkiwa hai.

Kumbuka hilo la kusali wapi, tutalirudia.

Beki wa kawaida

Soka alilianza kwenye timu ya Blantyre Victoria, kisha mwaka 1942 akajiunga na Albion Rovers, klabu ndogo ya mji wa Coatbridge. Alikuwa beki wa kati. Siku za kazi yupo mgodini, Jumamosi yupo uwanjani.

Tuseme ukweli, hakuwa mchezaji wa kutisha. Mguu wake ulikuwa mmoja tu, wa kushoto, na hakuwa na kasi. Alichokuwa nacho ni kichwa, kwa maana zote mbili: mipira ya juu ilikuwa mali yake, na mchezo aliusoma mapema. Albion walipanda daraja mwaka 1948, wakashuka msimu uliofuata.

Mwaka 1950, baada ya kutoelewana na klabu kuhusu malipo, aliondoka. Akaenda Llanelli, timu ya Wales iliyokuwa nje kabisa ya ligi kuu za Uingereza. Mshahara ulikuwa pauni 12 kwa wiki. Kwa mara ya kwanza maishani akawa anaishi kwa soka tu, bila kushika sururu.

Ana miaka 28 hivi, beki wa timu isiyojulikana, mbali na nyumbani. Mke wake, Jean, na binti yao mdogo walikuwa wamebaki Hamilton kwa muda, na nyumba yao ikavunjwa na wezi mara mbili. Stein akaamua basi, imetosha. Anarudi nyumbani, na kama ni mgodini, iwe mgodini.

Hapo ndipo simu ya Celtic ilipoingia.

Aliitwa kuwa wa akiba

Jimmy Gribben, mmoja wa watu wa benchi la ufundi la Celtic, alimkumbuka yule beki wa Albion. Celtic walikuwa wanatafuta mtu mzima wa kucheza na timu ya akiba na kuwalea vijana. Wakalipa pauni 1,200. Desemba 1951, Stein akatua Glasgow.

Usajili huo haukumshtua mtu kwa ubora wake. Uliwashtua watu kwa sababu nyingine.

Celtic ilianzishwa na Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Rangers, mtani wake wa jadi, ilikuwa timu ya Waprotestanti. Kwa Glasgow ya wakati ule hili halikuwa suala la rangi ya jezi tu. Liligusa kazi, mtaa unaoishi na mtu unayemuoa. Stein alikuwa Mprotestanti, anatoka kwenye familia na mtaa wa watu wa Rangers. Baba yake mwenyewe alikuwa shabiki wa Rangers.

Celtic, tofauti na Rangers ya enzi hizo, ilikuwa inasajili Waprotestanti bila shida. Lakini kule nyumbani Burnbank baadhi ya watu hawakulipokea. Inasimuliwa kwamba kuna marafiki wa utotoni walioacha kabisa kuongea naye. Hakurudi nyuma.

Halafu bahati ikafanya kazi yake. Mabeki wa kikosi cha kwanza wakaumia, mmoja baada ya mwingine, na mtu wa akiba akaingizwa. Akacheza. Akabaki. Sean Fallon alipokuwa nahodha alimchagua Stein kuwa msaidizi wake, na Fallon alipovunjika mkono mwishoni mwa mwaka 1952, kitambaa kikahamia kwa Stein.

Mwaka 1953 ikachezwa michuano maalumu ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, timu nne za England na nne za Scotland. Celtic msimu huo ilimaliza ya nane kwenye ligi. Hakuna aliyeipa nafasi. Ikazifunga Arsenal na Manchester United, kisha Hibernian 2-0 kwenye fainali.

Msimu uliofuata ikabeba ligi na Kombe la Scotland kwa pamoja, jambo ambalo klabu hiyo haikuwa imelifanya tangu 1914. Nahodha ni yule yule aliyeletwa kulea chipukizi.

Zawadi ya klabu kwa wachezaji ilikuwa safari ya kwenda Uswisi kutazama Kombe la Dunia la 1954. Huko waliiona Scotland ikichapwa 7-0 na Uruguay. Wengine walikwenda kutalii. Stein alikwenda shule. Aliporudi alikuwa anaongea habari za Hungary na namna walivyokuwa wanacheza bila kukaa sehemu moja.

Kifundo kikamaliza, kazi ikaanza

Agosti 1955, kwenye mechi dhidi ya Rangers, aliumia kifundo cha mguu. Hakikupona sawasawa. Kuchechemea kule kulibaki naye maisha yote, na mwanzoni mwa 1957 akatangaza kustaafu.

Celtic wakampa timu ya vijana na akiba. Safari hii ndiyo ilikuwa kazi yake hasa. Kina Billy McNeill na John Clark walipita mikononi mwake wakiwa wadogo. Alifanya nao mazoezi kwa mpira, wakati makocha wengi wa enzi zile waliwakimbiza tu wachezaji kuzunguka uwanja kama farasi. Baada ya mazoezi alikaa nao kwenye basi akiongea soka hadi wanashuka.

Lakini juu kulikuwa na dari. Celtic haikuwahi kuwa na kocha mkuu asiye Mkatoliki. Stein aliona kwamba hapo alipo ndipo mwisho. Machi 1960 akaondoka kwenda Dunfermline.

Dunfermline walikuwa wanachungulia shimo la kushuka daraja, mechi sita zimebaki. Wakashinda zote sita. Ya kwanza walimfunga nani? Celtic.

Mwaka uliofuata, 1961, klabu hiyo ndogo ilitinga fainali ya Kombe la Scotland na kukutana tena na Celtic. Mechi ya kwanza sare, ya marudio Dunfermline 2-0. Lilikuwa kombe lao la kwanza kubwa katika historia. Mwaka 1962 wakaenda Valencia kwenye michuano ya Ulaya, wakala nne bila. Nyumbani wakawarudishia Wahispania 6-2, ingawa walitolewa kwenye mechi ya ziada.

Mwishoni mwa 1963 Stein alisafiri hadi Italia pamoja na Willie Waddell wa Kilmarnock. Walikwenda kumtazama Helenio Herrera akiinoa Inter Milan, timu iliyokuwa inajulikana kwa kujilinda kama ngome. Stein akakaa pembeni ya uwanja, akatazama kila kitu, akarudi nyumbani. Herrera hakujua kwamba amemfungulia mlango mtu atakayekuja kumvunjia nyumba.

Mwaka 1964 Stein akahamia Hibernian ya Edinburgh. Ndani ya miezi michache akabeba Kombe la Kiangazi na kuifunga Real Madrid 2-0 kwenye mechi ya kirafiki. Sasa hapo Celtic wakaanza kujiuliza maswali.

Masharti ya kurudi

Celtic ilikuwa hoi. Tangu 1957 haikuwa imeshinda kombe lolote kubwa. Mwenyekiti, Robert Kelly, alikuwa na tabia ya kuingilia upangaji wa kikosi. Kocha alikuwa Jimmy McGrory, mtu mpole, mfungaji wa kihistoria wa klabu, ambaye hakuwa na mamlaka ya kweli.

Kelly alimtaka Stein, lakini kwanza alitaka kumrudisha kwa njia ya nusu nusu: agawane madaraka na Fallon. Stein akakataa. Sharti lake lilikuwa moja: kikosi atapanga yeye, na hakuna mtu mwingine. Mazungumzo yakaenda na kurudi, huku ikijulikana kwamba kuna klabu England inamtaka. Mwisho Kelly akakubali.

Machi 1965, Jock Stein akawa kocha mkuu wa Celtic. Wa kwanza asiye Mkatoliki.

Wiki chache baadaye, Aprili 24, Celtic ikacheza fainali ya Kombe la Scotland. Wapinzani? Dunfermline, ile timu aliyoijenga yeye. Celtic ikatanguliwa mara mbili, ikasawazisha mara mbili, kisha mwishoni kona ikapigwa na Billy McNeill, mtoto wa timu ya akiba, akaruka na kupiga kichwa. 3-2. Ukame ukaisha.

Wachezaji wengi wa kikosi kile walikuwepo kabla ya Stein kurudi. Hakununua timu mpya. Alichofanya ni kuwabadilisha nafasi na kuwaambia wanaweza. Bobby Murdoch, aliyekuwa mshambuliaji wa ndani, akarudishwa katikati na kuwa injini ya timu. Kipa Ronnie Simpson alikuwa na kisa chake: Stein ndiye aliyemuuza alipokuwa Hibernian, akamuuzia Celtic. Simpson aliposikia bosi anayekuja ni nani, alidhani ameisha. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anaanza. Kwenye fainali ya Ulaya alidaka akiwa na miaka 36.

Lisbon, Mei 25, 1967

Msimu wa 1966/67 Celtic ilishinda kila michuano iliyoingia. Ligi, Kombe la Scotland, Kombe la Ligi, Kombe la Glasgow. Likabaki moja.

Kwenye Kombe la Ulaya iliwatoa Zurich, Nantes, Vojvodina na Dukla Prague. Dhidi ya Vojvodina ilibidi McNeill apige kichwa dakika ya mwisho kabisa. Fainali ikapangwa Uwanja wa Taifa wa Ureno, nje kidogo ya Lisbon. Wapinzani walikuwa Inter Milan, mabingwa mara mbili ndani ya miaka mitatu iliyotangulia. Kocha: Helenio Herrera.

Kikosi cha Celtic siku ile: Simpson, Craig, Gemmell, Murdoch, McNeill, Clark, Johnstone, Wallace, Chalmers, Auld, Lennox. Wote kumi na mmoja walizaliwa ndani ya maili 30 hivi kutoka uwanja wa Celtic Park. Kwa lugha rahisi, watoto wa jirani. Na ndani yao kulikuwa na Wakatoliki na Waprotestanti, wamechanganyika.

Dakika ya saba, penalti. Mazzola akafunga, Inter 1-0. Kwa timu ile bao moja lilikuwa linatosha. Walikuwa wanafunga mlango na kutupa ufunguo.

Celtic hawakubadilika. Stein alikuwa amewaambia washambulie, na wakashambulia bila kupumua. Mpira ukagonga mwamba mara mbili. Kipa Sarti akaokoa mashuti ambayo mwenyewe huenda alijishangaa. Kipindi cha pili, dakika ya 63, beki wa kushoto Tommy Gemmell alipokea pasi nje ya boksi na kuachia kombora. 1-1.

Baada ya hapo Inter walikuwa wamechoka miguu na akili. Zikiwa zimebaki dakika kama sita, Murdoch akapiga shuti, Stevie Chalmers akaugusa mpira njiani. 2-1.

Celtic ikawa klabu ya kwanza ya Uingereza kuwa bingwa wa Ulaya. Mpaka leo wachezaji wale wanaitwa Simba wa Lisbon. Shankly alikuwepo pale uwanjani, kocha pekee aliyetoka klabu ya England kuja kushuhudia.

Ushindi wa Stein ulikuwa mkubwa kuliko kombe. Wakati ule Ulaya ilikuwa inaamini kwamba ukitaka kushinda, jilinde. Mtu aliyekwenda kumsoma Herrera alirudi na jibu tofauti: mlango wa aina ile unavunjwa kwa kutoka pembeni, kwa mabeki wanaopanda na mawinga wasiochoka.

Winga aliyeogopa ndege

Ukitaka kujua Stein alikuwa anaishi vipi na wachezaji, sikiliza kisa cha Jimmy Johnstone.

Johnstone alikuwa winga mfupi, mwekundu wa nywele, fundi wa chenga kuliko wote waliowahi kuvaa jezi ile. Alikuwa pia msumbufu, na alikuwa na hofu kubwa ya ndege. Novemba 1968 Celtic ilikuwa inacheza nyumbani na Red Star Belgrade. Mapumziko 1-1.

Stein akamvuta pembeni na kumpa ahadi: leo tukiwafunga mabao ya kutosha, wewe hutapanda ndege kwenda Belgrade. Johnstone akatoka chumbani kama amewashwa moto. Alifunga mawili, mengine akapika. Celtic 5-1.

Kocha alitimiza ahadi. Timu ikaruka kwenda Belgrade, Johnstone akabaki nyumbani.

Haikuwa kila siku kucheka. Stein alikuwa mkali, na wachezaji walimuogopa. Alikuwa na mtandao wa watu waliompigia simu usiku kumwambia nani yuko baa gani. Wapo waliouzwa bila kuelewa kosa lao. Na hakuwa mtu asiyeshindwa: mwaka 1970 Celtic ilirudi fainali ya Ulaya baada ya kuwatoa Leeds United, mechi ya marudiano ikitazamwa na watu zaidi ya 136,000 pale Hampden. Kwenye fainali Milan wakafungwa 2-1 na Feyenoord ya Uholanzi. Wengi walisema Celtic iliwadharau Waholanzi, na lawama kubwa ilimwangukia kocha.

Nyumbani hata hivyo hakuna aliyemgusa. Kuanzia 1966 hadi 1974 Celtic ilibeba ubingwa mara tisa mfululizo.

Aliwafuata mashabiki wake jukwaani

Januari 2, 1971, mechi ya Rangers na Celtic iliisha kwa msiba. Watu 66 walifariki kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox, mashabiki wa Rangers waliokuwa wanatoka. Stein alikuwa miongoni mwa watu waliobaki kusaidia majeruhi. Kwake siku ile hapakuwa na Mkatoliki wala Mprotestanti. Ilikuwa kama mgodi uliobomoka.

Mwaka 1972, kwenye mechi ugenini kwa Stirling Albion, mashabiki wa Celtic walianza nyimbo za kisiasa na chuki ambazo hazikuhusiana na soka. Stein akaacha benchi, akawafuata hukohuko jukwaani na kuwataka wanyamaze. Fikiria kocha wa leo anafanya hivyo. Ingekuwa rahisi kwake kukaa kimya, maana hao ndio waliokuwa wanaimba jina lake. Lakini yeye alikuwa amelipa gharama ya chuki ile pande zote mbili, na hakutaka kuiona kwake.

Mwaka huohuo wa 1971 Busby alikuwa amemtaka kwenda Manchester United. Walikaribia kumalizana, kisha Stein akasema hapana. Inaelezwa kwamba familia, hasa Jean, haikutaka kuhama Glasgow.

Ajali, na ofisi ya bahati nasibu

Julai 1975, akitoka likizo, Stein alikuwa anaendesha gari kurudi Glasgow. Karibu na Lockerbie gari lingine lililokuwa linakuja upande usio wake likamgonga. Nusura afe. Msimu mzima wa 1975/76 timu ikawa chini ya Fallon, na Celtic haikupata kombe.

Alirudi, na mwaka 1977 akabeba tena ligi na Kombe la Scotland. Lakini waliomjua walisema hakuwa yule yule. Kiangazi hicho Kenny Dalglish, mtoto aliyekulia mikononi mwake, akauzwa Liverpool kwa pauni 440,000. Msimu uliofuata Celtic ikaporomoka hadi nafasi ya tano.

Mei 1978 klabu ikampa timu Billy McNeill, yule mtoto wa akiba. Hilo lenyewe halikuwa baya. Kilichouma ni nafasi aliyopewa Stein. Mtu aliyewaletea ubingwa 10 wa ligi, Makombe 8 ya Scotland, 6 ya Ligi na moja la Ulaya, alitakiwa kusimamia michezo ya bahati nasibu ya kuiingizia klabu fedha.

Akaikataa. Agosti akaenda Leeds, akakaa siku 44 tu. Timu ya taifa ikaita, naye akaenda.

Dakika ya mwisho

Aliipeleka Scotland Kombe la Dunia la 1982 Hispania. Wakaifunga New Zealand 5-2, wakachapwa 4-1 na Brazil, wakatoka sare 2-2 na Urusi ya Kisovieti, wakatolewa kwa tofauti ya mabao.

Katika miaka hiyo Ferguson alikuwa amejenga timu Aberdeen, na simu kwa Stein hazikukatika. Mwaka 1983 Aberdeen ilipocheza fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Real Madrid, Ferguson alimwomba mzee asafiri nao. Stein akampa ushauri wa kizee: mpelekee kocha wao, Alfredo Di Stéfano, chupa nzuri ya wiski. Ajione mkubwa, aamini nyie mmefurahi kufika tu. Aberdeen ikashinda 2-1.

Turudi sasa Cardiff, Septemba 10, 1985.

Mapumziko yalikuwa na balaa. Kipa Jim Leighton alikuwa amepoteza lenzi ya jicho uwanjani, na kumbe si Stein wala Ferguson, kocha wake wa kila siku, aliyekuwa anajua kwamba anavaa lenzi. Ikabidi aingie Alan Rough. Stein, mtu aliyejivunia kujua kila kitu cha wachezaji wake, alikasirika sana.

Kipindi cha pili akamwingiza Davie Cooper, winga wa Rangers. Dakika ya 81 Scotland wakapata penalti. Cooper akapiga. Kipa aliugusa, ukaingia. 1-1.

Bao la mwisho la maisha ya kocha wa Celtic likafungwa na mtu wa Rangers.

Dakika chache baadaye filimbi ya refa ikalia. Ilikuwa faulo tu, lakini Stein aliinuka kama mtu aliyedhani mechi imekwisha. Akaanguka. Moyo. Wakambeba hadi chumba cha matibabu ndani ya uwanja, na huko akafariki.

Nje mashabiki wa Scotland walikuwa wanaimba. Habari zilipowafikia, kelele zikazimika taratibu, wakabaki wamesimama wasijue waende wapi. Ferguson akachukua timu, wakaitoa Australia kwenye mchujo na kwenda Mexico. Mwaka uliofuata, Novemba, akaenda Manchester United. Kilichofuata huko unakijua.

Leo nje ya Celtic Park kuna sanamu ya Stein amelishika Kombe la Ulaya, na jukwaa moja la uwanja lina jina lake. Aliingia pale mara ya kwanza kwa pauni 1,200, awe wa akiba.